Foku ya Kuteremkia Milima kwa Baiskeli Inayolala Malindi: Mwongozo Kamili wa Matengenezo na Upimaji

Foku ya baiskeli ya kuteremkia milima, yaani uma wa mbele unaobonyea na kushika gurudumu, huundwa ili ipambane na miamba, mizizi na miruko, lakini ile inayolala Malindi huanza kuliwa na chumvi kabla haijakutana na mwamba wowote. Mji wenyewe ni tambarare, na anayetaka mteremko wa kweli hana budi kufunga safari hadi milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria hufikia mita 2,208. Kwa hiyo foku hutumika kwa saa chache huko juu, kisha hukaa wiki nyingi chini katika hewa ya bahari, huku mwenyewe akidhani kwamba imepumzika. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzingatia hali hiyo. Utaanza na usafi na matengenezo ya miguu ya chini, yaani sehemu pana inayoteleza juu ya mabomba na kushika gurudumu, na upimaji wa hewa na vidhibiti utafuata, kwa kuwa foku yenye sili kavu (mipira inayozuia mafuta kutoka na vumbi kuingia) haipimiki. Namba utakazopata zitakuwa za msuguano, wala si za springi.

Kwanza ifahamike tunazungumzia foku ya namna gani. Foku ya mashindano ya kuteremka, mfano RockShox BoXXer au Fox 40, ina mataji mawili yanayoyabana mabomba ya juu, moja juu ya kichwa cha fremu na jingine chini yake, na hubonyea milimita 200 au zaidi kidogo. Mabomba ya juu ni ya aluminiamu iliyopakwa anodi (ngozi ngumu ya kinga), miguu ya chini ni ya magnesiamu iliyomiminwa, bolti nyingi ni za chuma, na ekseli ya gurudumu ina kipenyo cha milimita 20. Mchanganyiko huo wa metali ndio unaotusumbua pwani. Magnesiamu na chuma vikigusana mahali penye unyevu wa chumvi, magnesiamu ndiyo inayoliwa, nawe utauona unga mweupe kuzunguka bolti za kaliper ya breki na mahali popote rangi ilipobanduka.

Kabla ya kununua foku ya mtumba

Foku nyingi zinazofika mikononi mwetu zimeshatumika ng'ambo, na bei yake hushawishi. Kabla ya kutoa fedha, pitisha ukucha polepole juu ya mabomba yote mawili, mbele na nyuma. Mkwaruzo ambao ukucha unaunasa utakata sili, na mafuta yatavuja hata ukibadilisha sili kila mwezi. Tazama pia kama rangi ya anodi imefifia na kuwa fedha tupu mahali bomba linapopita kwenye bushi (pete za ndani ya mguu zinazoliongoza bomba), hasa upande wa nyuma. Hapo hapana dawa isipokuwa kununua mabomba mapya, ambayo mara nyingi bei yake hukaribia ya foku nzima. Shika breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele na nyuma, na uweke kidole kwenye mpaka wa sili na bomba. Ukihisi mchezo hapo, bushi zimekwisha. Usichanganye mchezo huo na ule wa beringi za kichwa cha fremu, ambao utausikia juu zaidi.

Liko jambo la kipimo linalosahaulika. Bomba la usukani la foku za mataji mawili huwa limenyooka, lenye kipenyo cha inchi 1⅛, ilhali fremu nyingi za kisasa zina kichwa kinachopanuka kwa chini, hivyo utahitaji ringi ya chini ya beringi inayolingana. Uliza pia kama mtengenezaji wa fremu anaruhusu foku ya mataji mawili. Fremu isiyoruhusiwa inaweza kupasuka shingoni, na hakuna sili nzuri itakayokufariji siku hiyo.

Kuandaa mahali na vifaa

Fanya kazi ndani ya chumba, madirisha yakiwa yamefungwa, hasa msimu wa kusi ambapo upepo hubeba mchanga laini na marasharasha ya chumvi moja kwa moja kutoka baharini. Tandika kitambaa kisichotoa nyuzi. Andaa alenki za ukubwa mbalimbali, nyundo ya plastiki, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, pampu ya shoki yenye saa ya psi (kipimo cha shinikizo la hewa), spiriti ya isopropili, beseni la kukingia mafuta, na bomba la sindano kubwa kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Sili mpya, ringi za sponji na washa za bolti za chini ziwe za modeli na mwaka wa foku yako hasa.

Kuhusu mafuta, nitasema wazi kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani, walio hodari katika mambo mengine, hukosea. Petroli, dizeli na mafuta ya taa visikaribie sili, kwani huuvimbisha na kuuharibu mpira. Mafuta ya kunyunyizia ya kulegezea kutu nayo yasipulizwe kwenye mabomba: huyang'arisha kwa siku moja, kisha huiosha grisi iliyomo ndani ya sili na kuyaingiza mavumbi. Kwa kulainisha miguu ya chini, mafuta ya sintetiki ya daraja la 0W-30 hufaa katika foku nyingi, lakini dampa, sehemu ya ndani inayodhibiti kasi ya foku kubonyea na kuinuka, ina mafuta yake yenye wepesi uliopimwa, na hapo hapaingizwi kitu kingine. Grisi iwe ile nyepesi ya foku, si ile nzito ya beringi za gari, ambayo huongeza msuguano.

Kuosha

Osha baiskeli nzima kabla ya kufungua bolti hata moja. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Maji ya visima vingi vya karibu na ufuo yana uchumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi bure. Usiipeleke foku mahali pa kuoshea magari, kwa maana mashine ile ya maji ya nguvu hupenyeza matope hadi nyuma ya sili. Vumbi jekundu la njia za Marafa ni laini sana, nalo hujificha chini ya mdomo wa sili. Litoe kwa brashi laini yenye maji ya sabuni, ukiizungushia bomba lote, kisha kausha.

Kufungua miguu ya chini

Andika kwanza mipangilio yako. Soma psi kwa pampu, kisha zungusha kila kidhibiti hadi kifungike kabisa kwa upande wa saa huku ukihesabu mibofyo, na uandike hesabu hiyo. Usikaze kwa nguvu kinapofika mwisho.

Toa gurudumu, fungua kaliper ya breki na uifunge pembeni ili isining'inie kwa bomba lake. Sasa toa hewa yote katika chemba. Jambo hili lisirukwe kwa sababu yoyote, kwani foku iliyofunguliwa ikiwa na hewa inaweza kurusha vipande usoni mwako. Toa hewa polepole huku foku ikibonyezwa kidogo na kuachiliwa, ili chemba ya pili iliyo chini ya pistoni nayo imwage hewa yake.

Katika kazi hii ya miguu ya chini huhitaji kuyagusa mataji. Baiskeli ikiwa kwenye stendi, weka beseni chini ya foku, toa kitufe cha kudhibiti mrejeo (kasi ya foku kuinuka) kilicho chini ya mguu mmoja, halafu legeza bolti zote mbili za chini kwa mizunguko mitatu au minne tu, bila kuzitoa. Gonga kichwa cha kila bolti kwa nyundo ya plastiki hadi shafti ijinasue kutoka mguuni. Bolti ya upande wa mrejeo katika foku nyingi ni ya aluminiamu na ina tundu katikati, kwa hiyo nyundo ya chuma huivunja kwa pigo moja. Bolti zikizama, ujue shafti zimeachia. Zitoe kabisa, acha mafuta yatiririke, kisha vuta miguu chini kwa mikono miwili sawasawa. Ikikataa, usipige daraja linaloiunganisha miguu. Rudisha bolti kidogo na ugonge tena.

Yatazame mafuta yaliyotoka. Yakiwa ya kijivu, sili zilipitisha vumbi. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yaliingia, na hapo ukague kwa makini zaidi. Yasipotoka kabisa, foku ilikuwa ikisaga bushi zake kavu.

Kusafisha na kubadilisha sili

Futa mabomba ya juu kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa ndani ya miguu, zungushia kitambaa safi kwenye fimbo ndefu ya mbao au plastiki, ukipitisha tena na tena hadi kitambaa kitoke cheupe. Zing'oe sili kwa spana pana isiyo na makali, ukiegemeza juu ya kipande cha mpira ili usiukwaruze ukingo wa magnesiamu. Chini ya kila sili utakuta ringi ya sponji. Kazi yake ni kushika mafuta na kuyapaka kwenye bomba kila foku inapobonyea. Ikiwa ni nyeusi au imelegea, itupe.

Loweka sponji mpya ndani ya mafuta hadi zishibe, ziweke mahali pake, kisha sukuma sili mpya zikiwa zimenyooka. Kifaa rasmi cha kusukumia kipo, lakini kipande cha bomba la plastiki la maji, kilichokatwa sawa na chenye kipenyo cha ukingo wa nje wa sili, hufanya kazi ileile kwa bei ndogo. Sili ikikaa upande, itoe uanze upya. Paka grisi nyepesi kwenye midomo yote ya ndani.

Ukiona nukta ndogo nyeupe au vishimo juu ya bomba, hiyo ni chumvi iliyokwisha kupenya anodi. Mkwaruzo mmoja mdogo wenye ncha unaweza kulainishwa kwa msasa wa daraja la 2000 uliolowekwa, palepale ulipo tu, na shimo lake kujazwa rangi ya kucha isiyo na rangi, kisha kusawazishwa. Hilo ni suluhisho la kukufikisha msimu ujao. Usisugue bomba lote kwa msasa ili ling'ae, kwa kuwa utakuwa unaiondoa ngozi inayolilinda.

Miguu ikiwa wazi hivyo, malizana na magnesiamu. Kila mahali rangi ilipobanduka, futa unga mweupe, safisha kwa spiriti na upake rangi ya kuziba. Bolti za kaliper zipakwe grisi kidogo kwenye nyuzi kabla ya kurudishwa. Bolti iliyogandia ndani ya magnesiamu ikilazimishwa hutoka na nyuzi zake, na hasara hiyo huja wakati wa kubadilisha breki, si leo.

Kurudisha na kutia mafuta

Telezesha miguu juu ya mabomba taratibu, ukiukunjua mdomo wa sili kwa kidole ili usijikunje kwa ndani. Simama mabomba yanapokuwa yamepita bushi zote mbili lakini shafti hazijagusa chini. Inamisha foku ili matundu ya bolti yaelekee juu, kisha ingiza mafuta kwa bomba la sindano. Kiasi hutofautiana kwa modeli na hata kwa mguu wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo kifuate kijitabu cha foku yako. Kuongeza mafuta kwa kukisia hupunguza nafasi ya hewa ndani ya mguu, na foku hugoma kubonyea hadi mwisho.

Sukuma miguu hadi shafti zionekane kwenye matundu, weka washa mpya, na ukaze bolti kwa spana ya kupimia. Foku nyingi hutaka kati ya Nm 5 na Nm 8, na namba halisi imo kitabuni. Futa mafuta yote yaliyomwagika, hasa karibu na breki. Diski yenye mafuta kwenye mteremko wa Taita si jambo la kujaribiwa.

Ikiwa uliitoa foku nzima kwenye fremu, hakikisha mabomba yote mawili yametokeza kwa urefu uleule juu ya taji la juu, na bolti za mataji zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Kabla ya kutia hewa, bonyeza foku hadi mwisho ukiwa na gurudumu lako na tairi lililojaa, kisha upime nafasi iliyobaki kati ya tairi na taji la chini. Tairi likigusa taji, gurudumu hujifunga ghafla na mwendeshaji huruka juu ya usukani. Pinda usukani pande zote mbili pia, uone kwamba vizuizi vya mpira ndivyo vinavyogusa fremu na kwamba nyaya hazivutiki.

Hewa na mbonyeo wa awali

Anza na psi iliyoandikwa kwenye chati ya mguuni kulingana na uzito wako ukiwa umevaa helmeti, kinga na viatu. Usijaze yote kwa mara moja. Tia nusu yake, bonyeza foku polepole mara kadhaa ili hewa ipite kwenye kijishimo kinachounganisha chemba ya juu na ile ya chini ya pistoni, kisha endelea hadi ufikie psi uliyokusudia na ubonyeze tena. Chemba ya chini isipojaa, foku itakuwa ngumu mwanzoni na namba ya saa itakudanganya. Mlio wa hewa unaousikia unapotoa pampu ni wa hewa ya mpira wa pampu. Haukupunguzii psi katika foku.

Sasa pima kiasi ambacho foku hushuka kwa uzito wako tu. Fungua vidhibiti vyote vya kubonyea. Mwenzako ashike baiskeli, nawe usimame juu ya pedali kama unavyosimama mteremkoni, magoti na viwiko vikiwa vimekunjwa. Sukuma ringi ya mpira hadi iguse sili, shuka bila kubonyeza, na usome. Kwa foku ya milimita 200, lenga kati ya milimita 40 na 50, yaani asilimia 20 hadi 25. Kwenye njia zenye mteremko mkali mimi huchagua upande wa 40, kwa sababu uzito wa mwili humiminika mbele na foku huwa tayari imezama kabla ya kukutana na jiwe.

Mrejeo, ukinzani na tokeni

Mrejeo ni kasi ya foku kuinuka baada ya kubonyea, nao hufuata hewa: ukiongeza psi, ongeza ukinzani wa mrejeo pia. Anza katikati. Bonyeza usukani kwa nguvu na uachie. Gurudumu likiruka kutoka ardhini, mrejeo ni wa haraka mno. Kosa la kinyume ni gumu zaidi kulitambua. Mrejeo ukiwa wa polepole, kwenye mfululizo wa mawe foku haipati muda wa kuinuka kati ya jiwe na jiwe, hivyo inazama zaidi kila pigo, na mwendeshaji hulalamika kwamba foku ni ngumu, kisha hupunguza hewa na kuzidisha tatizo. Ukihisi ugumu unaokua kadiri mawe yanavyoendelea, fungua mrejeo mbofyo mmoja mmoja kabla ya kugusa hewa.

Vidhibiti vya kubonyea mara nyingi ni viwili, kimoja cha kasi ndogo na kingine cha kasi kubwa. Kasi inayosemwa ni ya shafti, si ya baiskeli. Kushika breki au kuegemea kona huisogeza shafti polepole hata ukienda mbio, ilhali jiwe lenye kingo huisogeza kwa kasi hata ukienda taratibu. Foku ikiinama mno unapofunga breki, ongeza mibofyo michache ya kasi ndogo. Mikono ikiumia kwenye mawe, fungua ya kasi kubwa. Badilisha kimoja kwa wakati, kwenye kipande kilekile cha njia.

Ikiwa mbonyeo wa awali ni sahihi lakini foku inagonga mwisho mara kwa mara, ongeza tokeni moja ya plastiki ndani ya chemba ya hewa, baada ya kutoa hewa yote kabla ya kufungua kifuniko. Tokeni hupunguza ujazo wa chemba, hivyo ugumu huongezeka kuelekea mwisho bila kubadilisha sana mwanzo. Ikiwa ringi ya mpira huacha milimita 30 au zaidi ambazo hazijawahi kutumika, toa moja. Kugonga mwisho kidogo mara moja kwenye mruko mkubwa kuliko yote si kosa.

Kutoka usawa wa bahari hadi Taita

Foku uliyoipima Malindi mchana, joto likiwa nyuzi 32, haitakuwa ileile asubuhi ya nyuzi 17 kule juu. Chemba yenye psi 100 hupoteza karibu psi 5 au 6 kwa sababu ya ubaridi pekee. Kupanda hadi mita 2,200 nako hurudisha kama psi 3 kwenye saa, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu. Tofauti inayobaki ni ndogo, lakini hubadilisha mbonyeo wa awali, na kila kuchomeka pampu kwa ajili ya kusoma tu hupoteza hewa kidogo. Kwa hiyo nashauri upime milimita upya pale juu, wala usiiamini namba ya psi uliyoibeba kutoka nyumbani.

Lililo muhimu zaidi ni hewa iliyofungiwa ndani ya miguu ya chini. Uliifunga ikiwa na shinikizo la bahari, na kule juu inasukuma mabomba nje kwa nguvu ya kilo chache, nayo hukua foku inapobonyea. Foku nyingi mpya za kuteremka zina vitufe vidogo nyuma ya miguu vya kupumulia: vibonyeze foku ikiwa imenyooka kabisa, baada ya kuvifuta vumbi. Kwa foku isiyo navyo, wapo wanaopenyeza utepe wa plastiki chini ya mdomo wa sili. Njia hiyo inawezekana, ila utepe uwe mviringo usio na kingo, uliofutwa mchanga, la sivyo utakuwa umeupandisha mchanga wa Malindi mlimani kwa mkono wako mwenyewe.

Ratiba ya pwani

RockShox hushauri miguu ya chini ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Ratiba hiyo haikuwekwa kwa baiskeli inayokaa mita mia kadhaa kutoka ufukweni. Hapa hesabu kalenda pamoja na saa. Miguu ifunguliwe kabla ya kila msimu wa safari za milimani, na tena baada ya masika hata kama hukuendesha, kwa sababu unyevu hauhitaji mwendeshaji. Baiskeli ikikaa, ifute mabomba kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kausha, bonyeza foku mara chache ili sponji zipake mafuta, na uifunike kwa shuka la pamba. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani.

Dampa yenyewe usiifungue nyumbani. Ukiona mafuta yakichuruzika kupitia kitufe cha mrejeo, ukisikia mlio wa mafuta yaliyochanganyika na hewa, au mrejeo ukiwa uleule hata ukizungusha kidhibiti hadi mwisho, itoe ipelekwe kwa fundi mwenye pampu ya kuondolea hewa na vipuri vya modeli hiyo, ambaye kwa kawaida utampata Nairobi. Ukiisafirisha foku kwa basi, toa hewa, acha psi chache tu za kuinyoosha, yafunge mabomba ya juu kwa mpira wa ndani wa tairi kuukuu, na ubandike karatasi yenye uzito wako, mibofyo yako na psi uliyokuwa ukitumia.